Tuliposhuka Chini ya Jabali

Mwezi wa nane shoga yangu alipata barua ya kazi. Hospitali moja ya Uingereza imemkubali, ndege ni Novemba. Tangu siku hiyo kila aliyekutana naye alimuuliza habari ya koti. Umeshanunua koti? Utaiweza baridi? Aliwajibu wote kwa upole. Kisha jioni moja, tumekaa barazani kwetu Likoni tunachambua mchicha, akaweka ungo chini akaniambia:

"Nimezaliwa hapa, nimesomea hapa, nimezalisha wanawake wa mji huu miaka kumi na miwili. Lakini ukingo wa kisiwa cha Mombasa, hapo ng'ambo tu, sijautembea kwa miguu hata siku moja. Wakiniuliza kwetu kukoje, nitawaambia nini?"

Sikuwa na jibu, maana na mimi sikuwa nimeutembea. Tumekaa Lighthouse, pale ukingoni mwa kisiwa kwenye mnara wa taa, jioni zisizohesabika, tukala mihogo kwa pilipili na ndimu huku tukitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Tumechumbiwa pale, tumelia pale. Lakini jabali lenyewe, lile linalobeba mibuyu na watu wote wale, tulikuwa tumelikalia tu miaka yote bila kulitazama usoni.

Basi tukapanga. Tulikuwa wanne. Shoga na mimi. Mwalimu, anayesomesha jiografia Kisauni na ambaye tumejuana naye tangu darasa la tatu. Na Fundi, jirani yetu wa Likoni, mwashi, mtoto wa mchonga mawe. Marehemu babake alifanya kazi kwenye matimbo ya Kwale maisha yake yote, na hakuna mtu ninayemjua anayeongea juu ya jiwe kama Fundi anavyoongea.

Siku alichagua Mwalimu, na aliichagua kwa mwezi. Alitaka Jumamosi ya bamvua, maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, mwezi ukiwa umeandama siku mbili nyuma. Mombasa bamvua lina desturi yake: maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita tatu na zaidi. "Tukitaka kuliona jabali miguu yake," alisema, "tuwe pale chini saa nne. Si saa tano." Ikaangukia katikati ya Oktoba.

Oktoba huku pwani ni mwezi ulio baina. Kusi, upepo wa kutoka kusini, iliyovuma tangu Aprili ikachafua bahari na kuwaweka wavuvi wadogo nchi kavu, imeshachoka. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijafika. Wazee hukiita kipindi hiki maleleji, wengine husema tangambili, kwa kuwa upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule. Hewa hutulia asubuhi mpaka unasikia mazungumzo ya watu walio ng'ambo ya maji. Na mvua za vuli ziko njiani.

Hilo neno vuli lilikuwa limemsumbua Shoga. Kwenye karatasi zake za safari ameambiwa atafika mwishoni mwa vuli, wakati majani yanaanguka. Kwetu vuli ni mvua, ni watu kupanda kunde, ni matope mlangoni. Mwalimu alimweleza tukiwa kwenye feri saa moja unusu asubuhi, tumebanwa kati ya mikokoteni na wanafunzi wa masomo ya Jumamosi, kwamba vitabu vya shule viliazima neno letu la mvua vikalipa msimu wa Wazungu ambao sisi hatunao. Shoga akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo naondoka vuli naingia vuli." Hakucheka, na sisi hatukucheka.

Tuliposhuka ng'ambo tulikunywa chai kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi karibu na kituo, tukajaza chupa za maji, tukageuka kulia kufuata barabara ya Mama Ngina, ile ya ukingoni.

Nitasema ninavyopaona mahali pale. Wengi wetu tunakumbuka barabara ya zamani iliyochakaa, magari yameegeshwa ovyo, vibanda vya mihogo chini ya mibuyu. Mwaka 2019 palijengwa upya, na Oktoba ya mwaka ule sherehe za Mashujaa zikafanyika palepale. Leo kuna njia pana za miguu, kuna ukuta wa ukingoni, kuna taa. Nafurahi nikiona mama na watoto wake wanne wamekaa jioni wanapunga upepo bila hofu ya mtoto kutumbukia. Hilo si jambo dogo. Kinachoniuma ni kwamba sasa mtu anaweza kutembea kutoka mwanzo mpaka mwisho juu ya sakafu, asiguse jiwe hata mara moja, arudi nyumbani akidhani ameiona bahari.

Mibuyu ipo bado, ile minene ambayo watu watano hawaikumbatii. Wakati huko anakokwenda Shoga miti inapukutika, hii ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Miezi ya ukame imesimama uchi, na sasa kwenye ncha za matawi palikuwa na vijani vidogo vya kijani kibichi na machipukizi ya maua yanayoning'inia. Ua la mbuyu hufunguka magharibi jua likizama, popo huja kulinywa usiku, na kesho yake limeshanyauka. Shoga, ambaye maisha yake ni zamu za usiku, alilipenda hilo kuliko yote aliyoambiwa siku ile.

Kabla ya kufika kwenye mnara wa taa kuna mahali ambapo wavuvi wa mshipi hushukia. Si njia ya kuelekeza mtu, ni mipasuko ya mwamba iliyolainishwa na nyayo. Chini tulimkuta mzee mmoja, kanzu ameikunja kiunoni, kikapu chake kina changu wawili na tewa mmoja. Tukamwamkia, akatuangalia viatu kwanza.

"Mwataka nini huku chini, wanangu?"

Shoga akamwambia ukweli: anasafiri, anataka kuliona jabali kabla hajaondoka.

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali la maana. "Basi tazameni. Lakini maji yakigeuka mupande. Bamvua halingoji mtu."

Nimeishi miaka thelathini na minane karibu na jiwe lile na sikuwa najua linafanana vile. Ukiwa juu, jabali ni ukingo tu, mwisho wa nchi. Ukiwa chini ni ukuta wa kimo cha nyumba ya ghorofa tatu au nne unaokuegemea, maana chini yake umeliwa. Mawimbi, na viumbe vidogo vinavyokwangua mwamba, vimechimba mfereji mrefu ulioingia ndani, hivi kwamba unaweza kusimama chini ya kisiwa, kichwani mwako mna mibuyu, barabara na watoto wa watu wanaokula aiskrimu. Hewa mle ndani ni baridi na inanuka chumvi na mwani. Maji hudondoka kutoka juu tone kwa tone, ingawa mvua haijanyesha.

Ukikaribia ukutani unaona kwamba jiwe lote ni mwili. Tumbawe la duara lenye mikunjo kama ubongo, kubwa kama sinia. Matawi ya matumbawe yaliyolala ubavu. Makombe yaliyoganda nusu nje nusu ndani. Mwalimu alituambia kwamba mwamba huu ulikuwa hai, bustani ya matumbawe ndani ya maji, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Kisha baridi kubwa ikaja duniani, maji mengi yakageuka barafu huko kwenye ncha za dunia, bahari ikashuka. Kama miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya hapa tulipo kwa zaidi ya mita mia moja. Mito ya bara ikakata mabonde ndani ya mwamba mkavu kuifuata bahari ilikokimbilia. Barafu ilipoyeyuka maji yakarudi, yakayajaza mabonde yale, na kipande cha nchi kilichobaki katikati kikawa kisiwa. "Kilindi cha Kilindini ni bonde la mto," alisema. "Meli za makontena zinapita juu ya mto uliozama."

Nilikuwa nimelitamka jina la Kilindini maisha yangu yote.

Fundi hakuwa amesema kitu. Alikuwa ameweka kiganja ukutani anakipitisha polepole, kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Sitafuti. Namkumbuka mzee." Akagonga kwa kidole. "Babangu alikuwa akisema jiwe likitoka timboni lina unyevu, ndipo ulipige tindo, linakubali. Ukiliacha juani likakauka, linakataa. Sisi wadogo alitutuma maji tu, kazi alikuwa hatupi. Alisema subirini mikono yenu ikauke kwanza."

Kisha akatufundisha. Jiwe la namna hii, la nchi kavu, ndilo la kuta. Lakini wazee walikuwa na jiwe jingine, tumbawe la majini lililokatwa likiwa bichi, laini kiasi cha kuchongeka kama mbao. Ndilo walilochongea vibla vya misikiti, vidaka na mapambo ya milango, kisha likawa gumu likikaa hewani. Na chokaa ya kushikiza vyote ni matumbawe hayohayo, yaliyopangwa juu ya tanuu la kuni yakachomwa mpaka yakawa unga. "Kwa hivyo ukuta wa Mswahili," alisema, "jiwe lake tumbawe, udongo wake tumbawe, rangi yake nyeupe tumbawe. Kisichokuwa tumbawe ni boriti tu." Na boriti za mikoko, akaongeza, ndizo zilizopanga upana wa vyumba vyetu vya kale, kwa kuwa boriti haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana chumba cha bibi kilikuwa kirefu na chembamba.

Nikamuuliza basi na ile sakafu ya saruji kule juu, nayo je?

Akafikiri. "Nayo pia. Saruji ya Bamburi yachimbwa mwamba huuhuu." Ni kweli. Kiwanda kile kilianza kazi mwaka 1954 juu ya matumbawe ya kale, na mashimo yake yaliyokwisha kuchimbwa ndiyo yaliyopandwa mivinje kuanzia 1971 mpaka yakawa msitu wa Haller Park, ambako kila mtoto wa Mombasa amepelekwa na shule kuwaona viboko. Nikatazama juu. Hasira niliyokuwa nayo na ile sakafu ikapungua, haikuisha.

Shoga aliteleza. Alikuwa anajinyoosha kugusa lile tumbawe la ubongo, mguu ukamponyoka kwenye mwani, goti likapita kwenye meno ya mwamba. Mchubuko wa tumbawe huwasha kama pilipili na usipooshwa vizuri hutunga usaha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupa amri, huku amekaa juu ya jiwe: maji safi, si ya bahari, mimina mengi, toa kila chembe, sasa kitambaa. Alitufanya tumimine chupa mbili nzima. Nilimtazama uso wakati ule, uso wa kazi, umetulia kabisa, nikawafikiria wale wanawake wote wa miaka kumi na miwili ambao uso huu ulikuwa kitu cha kwanza walichokiona baada ya uchungu. Mji huu unampa mtu mwingine kitu kizuri. Nilitaka kulisema hilo nikashindwa, nikafunga kitambaa.

Chini pale palikuwa na chupa za plastiki zimejibana mle mfereji ulimoingia ndani, nyingi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na hakika mifuko imepungua, sikuona ila mabaki. Chupa ndizo zilizorithi. Tulijaza gunia la yule mzee mara moja, tukapanda nalo juu, tukaacha bado zimejaa. Nasema hili kwa kuwa chupa zile hazikutoka Uchina kwa mkondo. Zilirushwa kutoka juu, na tuliokaa juu ni sisi.

Saa nne na robo mzee aliita. Hatukuona badiliko lolote, bahari ilikuwa imelala vilevile. Lakini alikuwa ameshakunja mshipi. Tulipofika juu na kugeuka, ule mwamba mpana tuliokuwa tumesimama juu yake ulikuwa umeanza kung'aa.

Kutoka hapo ni mwendo wa kawaida. Mnara wa taa, kisha uwanja wa gofu ambao nyasi zake zinafika karibu na genge, kisha ukuta wa Ikulu ambapo simu hurudi mfukoni. Jua lilikuwa limepanda. Shoga alichechemea kidogo lakini alikataa tuktuk. Tulikunywa madafu mawili mawili chini ya mwarobaini, na Mwalimu akalala robo saa na kofia usoni.

Ngome ya Yesu nilikuwa nimeingia labda mara kumi. Kila mara nilitazama mizinga. Safari hii Fundi alitupeleka kwanza nje, upande wa handaki, akatuonyesha mahali ambapo ukuta unakwisha na mwamba unaanza, ila huoni kwa urahisi, kwa sababu Wareno hawakuujenga msingi, waliuchonga. Walianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na handaki lote limekatwa ndani ya jabali lilelile tulilotoka kulishika asubuhi. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na ndani yake njaa na maradhi yaliua kuliko risasi. Meli ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mbele yake mwaka 1697, na bado mabaki yake yako chini ya maji yale ya bandari ya zamani. Baadaye ikawa gereza chini ya Waingereza mpaka 1958. Mwaka 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu wote hawa walipita. Kilichokuja kuitishia ngome yenyewe ni maji. Mawimbi yalikuwa yanaula mwamba chini yake, kama yalivyoula ule tulioingia chini yake asubuhi, mpaka ukajengwa ukuta wa kuikinga upande wa bahari. Tulisimama juu ya ukuta ule. Maji yalikuwa yamepanda nusu tayari, yanagonga.

Mji wa Kale tulipita haraka, joto lilikuwa limetushinda, isipokuwa mahali pamoja. Bibi yake Shoga aliishi nyumba ya uchochoro mmoja nyuma ya soko la samaki. Iliuzwa zamani, yeye akiwa na miaka tisa. Hatukubisha hodi. Lakini upande wa uchochoroni lipu ilikuwa imebambuka, kipande cha ukubwa wa mlango, na mawe yako wazi. Shoga alisimama mbele yake. Kisha akainama, na goti lake lile, akaweka kidole kwenye jiwe la tatu kutoka chini. Tumbawe la duara, mikunjo kama ubongo, dogo, la kutosha kiganja.

"Nilikuwa nikilala upande huu," alisema. "Nilikuwa naegemeza mgongo hapa. Ukuta ulikuwa baridi hata kiangazi."

Mama mmoja mwenye buibui alitoka mlango wa pili akatuangalia, Shoga akamsalimu akamweleza yeye ni mjukuu wa nani. Yule mama akaangua kilio cha furaha, tukaingizwa ndani, tukapewa kahawa na halua, na saa nzima ikapita kwa majina ya watu waliokufa.

Feri ya kurudi tuliipata saa kumi na moja. Maji yamejaa, yamefika kimo ambacho MV Kwale ilionekana kama inaelea juu ya mji. Upepo ulikuwa umegeuka wakati fulani mchana bila sisi kutambua. Asubuhi ulitupiga shavu la kulia, sasa unatoka pande zote. Tulisimama upande wa bahari, tumeshika chuma, tukilitazama jabali likipita kwa mbali na rangi ya jua la jioni juu yake, mistari yake yote inaonekana.

"Tulikuwa wapi?" Shoga aliuliza.

Fundi akanyoosha mkono. "Waona mbuyu ulioinama? Hesabu wa pili kutoka pale. Chini yake."

Chini yake palikuwa na bahari tu. Mfereji wote, ukuta wa matumbawe, jiwe alilokalia tukimwosha goti, vyote vilikuwa ndani ya maji. Aliendelea kutazama palepale mpaka feri ikagonga Likoni na watu wakaanza kusukumana.